Hoja yangu ilipita kikaoni bila jina langu, na kitengoni naambiwa ni mkali. Nifanyeje?

Msimamizi Mpya ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninaomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo nimelibeba kwa wiki tatu sasa bila kulipatia jibu. Mimi ni msimamizi wa kitengo cha ununuzi na ugavi, nafasi niliyopewa miezi saba iliyopita baada ya kufanya kazi katika kitengo hicho hicho kwa miaka tisa. Kazi yenyewe naijua. Kinachonishinda ni kusikika, maana kuongea naongea.

Katika kikao cha wakuu wa vitengo cha mwezi uliopita nilitoa hoja kwamba ankara za wazabuni zipokelewe kwenye dawati moja lenye rejesta moja, badala ya kuachwa zizunguke kati ya ghala na hesabu mpaka nyingine zinapotea na mzabuni anakuja kudai malipo ya ankara ambayo hakuna anayekumbuka kuipokea. Nilianza hivi: "Samahani mwenyekiti, sijui kama hili linafaa hapa, ila nilikuwa nafikiri labda..." na kutoka hapo nikaeleza kwa kirefu. Nilipomaliza, mwenyekiti aliangalia saa yake akasema tuendelee na ajenda inayofuata. Haikupita nusu saa, mwenzangu wa hesabu akasema: "Mwenyekiti, ankara zipokelewe sehemu moja. Tutafute dawati." Meza nzima ikaafiki, mwenyekiti akamsifu kwa kuona mbali, na azimio likapita. Sidhani kwamba aliniibia kwa makusudi, kwa kuwa wakati naongea alikuwa ameinamia simu yake.

Lililoniuma zaidi niligundua jioni. Mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za vikao hivi tangu nikiwa afisa wa kawaida, na nilipopanda cheo hakuna aliyefikiria kunipokea kazi hiyo. Niliposoma nilichokiandika kwa mkono wangu, nilikuta maneno haya: "Ilipendekezwa kuwa ankara zote zipokelewe katika dawati moja. Iliazimiwa. Mtekelezaji: Mkuu wa Hesabu." Jina langu halimo, na aliyeliacha nje ni mimi.

Kuna na la pili. Miongoni mwa ninaowasimamia yumo mzee mmoja aliyenitangulia kazini, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi nilipoajiriwa. Taarifa yake ya mwezi ya mali iliyomo ghalani imechelewa mara tatu. Mara mbili za kwanza nilimkumbusha kwa upole na hapakubadilika kitu. Mara ya tatu nilimwambia waziwazi, mlango ukiwa umefungwa na sauti yangu ikiwa ya kawaida, na kesho yake nikasikia kwamba cheo kimenipanda kichwani. Kisha tathmini yangu ya nusu mwaka ikarudi na sentensi hii: "Ana bidii, ila anahitaji kulainisha namna yake ya kuongea." Kwa hiyo kikaoni sisikiki kwa kuwa mpole kupita kiasi, na kitengoni mimi huyo huyo nalalamikiwa kwa ukali.

Je, nijifunze kuongea upya? Nidai hoja ambayo imeshapita, au niiache? Niendelee kuandika kumbukumbu? Ofisi iko tayari kunilipia mafunzo ya siku mbili ya uongozi kwa wanawake, ambayo mada yake ya kwanza ni kujiamini, na nimeshindwa kuamua kama ugonjwa wangu ndio huo.

---

Katibu Mstaafu amejibu:

Dada Msimamizi, pole kwa yaliyokupata. Nimekuwa katibu wa vikao vya kamati na bodi kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, kwa hiyo utanisamehe nikianza na kalamu na kuacha sauti kwa wengine.

Sentensi yako ya "ilipendekezwa" nimeiandika mimi mwenyewe mara zisizohesabika. Kiambishi hicho kidogo cha kutendwa kinapendwa sana na makatibu kwa sababu kinasikika rasmi na kinamwepusha mwandishi na ugomvi: ilielezwa, ilisisitizwa, ilikubaliwa, na mtendaji hayupo. Hata ukijaribu kuandika "mjumbe mmoja alipendekeza", lugha yetu haitenganishi mwanamke na mwanamume katika kitenzi, hivyo atakayelifungua jalada mwaka ujao atamvika mjumbe huyo sura ya yule anayemdhania. Na jalada ndilo linalosomwa watu wanapopandishwa vyeo, kwa sababu waliokuwepo kikaoni watakuwa wameshasahau nani alianza kusema nini. Desturi ya kumtaja mtoa hoja wala si mpya. Kanuni za vikao zilizochapishwa mwaka 1876 na Henry Martyn Robert, aliyekuwa afisa mhandisi wa jeshi la Marekani, zinafuatwa na vyama vingi duniani hadi leo, nazo hutaka jina la aliyeleta hoja liingie katika kumbukumbu.

Andika hivi: "Ajenda ya 4. Msimamizi wa Ununuzi na Ugavi alipendekeza ankara zote zipokelewe katika dawati moja lenye rejesta, ili zisipotee kati ya ghala na hesabu. Mkuu wa Hesabu aliunga mkono. Iliazimiwa." Kisha mtekelezaji na tarehe. Ukimtaja kila mmoja kwa cheo chake, hakuna atakayesema umejipendelea.

Hoja iliyokwisha kupita bado unaweza kuidai, na mahali pake ni pale kumbukumbu zinaposomwa ili zithibitishwe, kabla hamjafika kwenye yatokanayo. Hapo kila mjumbe ana haki ya kusahihisha, kwa hiyo hutakuwa unaomba fadhila. Sema kwa kifupi: "Mwenyekiti, katika ajenda ya 4 kuna pengo ambalo ni langu kama katibu, kwamba sikumtaja mtoa hoja. Hoja ililetwa na Ununuzi, kisha Hesabu wakaiunga mkono. Naomba isahihishwe hivyo." Halafu nyamaza. Usieleze ulivyojisikia na usimtazame mwenzako wa hesabu. Huyo mwenzako mtangulie siku moja kabla, mkutane hata kwenye ngazi, umwambie utakachosema, kwa sababu mtu akishtukiziwa mbele ya watu hujitetea hata katika jambo ambalo hakuwa na haja ya kujitetea.

Kazi ya ukatibu usiiache leo. Andika vikao viwili kwa mtindo huu mpya ili uwe umeacha kipimo, ndipo upendekeze ukatibu uwe wa zamu kwa wakuu wote wa vitengo. Sababu unayo na haina uhusiano na jinsia: anayeandika hawezi kujadili, kwa kuwa wakati anamalizia sentensi ya mwenzake mjadala umeshamwacha, na wewe sasa unakaa mezani hapo kama mjumbe.

Jambo la mwisho, hoja nzito isikutane na wajumbe kwa mara ya kwanza kikaoni. Iandike ukurasa mmoja, isambaze siku mbili kabla, na wawili kati yao waongeleshe ana kwa ana, hasa yule ambaye kazi yake itaguswa. Hoja iliyosambazwa kwenye karatasi yenye jina lako ni vigumu kupata baba mwingine.

---

Hoja Wazi amejibu:

Ninamheshimu Mama Katibu na ushauri wake wa kumbukumbu nitautumia mimi mwenyewe. Hata hivyo, sikubali mazungumzo haya yaende kana kwamba Dada Msimamizi ana kilema cha kutibiwa. Tazameni tathmini yake. Aliyeandika kwamba alainishe namna yake ya kuongea angemwandikia hivyo mwanamume aliyemdai mtu taarifa iliyochelewa mara tatu? Mwanamume angeandikiwa kwamba anasimamia kazi.

Jambo hili lilishafika mahakamani zamani. Mwaka 1982 Ann Hopkins alipendekezwa kuwa mbia katika kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse nchini Marekani, akiwa mwanamke pekee kati ya wapendekezwa 88. Alikuwa ameiletea kampuni mkataba mkubwa wa serikali. Hakupewa nafasi, na ushauri aliopewa ni kwamba atembee, aongee na avae kike zaidi, ajipambe, atengeneze nywele na avae vito. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1989 ilikubali kwamba kumpima mfanyakazi kwa picha ya jinsi mwanamke anavyotakiwa kuwa ni ubaguzi wa kijinsia. Mahakimu waliona mtego wenyewe: kazi inataka mtu mwenye kusukuma mambo, na mwanamke akisukuma anaadhibiwa kwa kusukuma. Ndio mtego wako, Dada, na hakuna mafunzo ya siku mbili yanayoutegua.

Kuhusu kukatizwa na kutosikika, nitatoa mfano wa mahakama hiyo hiyo. Mwaka 2017 Tonja Jacobi na Dylan Schweers walichapisha utafiti wa nani humkatiza nani wakati mahakimu wanapowahoji mawakili. Katika mwaka wa 2015, wanawake watatu waliokuwa kwenye jopo hilo ndio walioelekezewa karibu theluthi mbili ya makatizo yote. Hawa ni watu walioteuliwa maisha, ambao hakuna mwajiri anayeweza kuwafukuza. Nani atawaambia wakajifunze kujiamini? Kilichokuja kusaidia ni kubadilisha utaratibu: mwaka 2021 mahakama iliweka zamu, kila hakimu akapewa nafasi yake ya kuuliza kwa mpangilio wa ukongwe, na Hakimu Sonia Sotomayor alieleza hadharani kwamba tafiti za aina hiyo zilichangia mabadiliko hayo.

Nitakiri jambo moja linalonipinga. Utafiti huo huo uliona kwamba mahakimu wanawake, kadiri walivyokaa kazini, waliacha yale maneno ya kupiga hodi kabla ya swali, ya kuomba radhi na kuomba ruhusa, kwa sababu ni katika sekunde hizo ndipo walipokuwa wakidakwa. Kwa hiyo, Dada, "samahani", "labda", "naomba", "sijui kama", yote yaache mlangoni. Ila ujue kwamba unafanya hivyo kama mtu anayefunga dirisha upande wa upepo, huku aliyevunja ukuta akiwa mwingine.

---

Mwenyekiti wa Vikao amejibu:

Nimesoma nikiwa kimya kwa siku mbili, kwa sababu katika simulizi la dada yetu mimi ni yule anayeangalia saa. Naongoza kikao cha kila wiki cha watu kumi na wawili, na hadi mwaka juzi ningeapa kwamba kila mtu kwangu anasema anavyotaka.

Kilichonifungua macho ni mjumbe mmoja aliyenifuata baada ya kikao akaniambia, bila hasira, kwamba kwa vikao vitatu mfululizo hakuwahi kumaliza sentensi. Nilibisha. Kisha wiki iliyofuata nikachora jedwali nyuma ya daftari langu, majina kushoto, na kila mtu alipoanza kuongea nikamwekea kijiti, na kila alipokatizwa nikakikata kijiti hicho kwa mstari. Sikuwa nimemwambia mtu. Mwisho wa kikao vijiti vya wanawake wanne vilikuwa vimekatwa karibu vyote, jambo ambalo nilikuwa nimeanza kulihofia. Ambalo sikulitarajia ni kwamba mkataji mkubwa nilikuwa mimi, kwa nia njema kabisa, nikiokoa muda. Maneno yangu yalikuwa "tumekuelewa", na nilikuwa nikiyasema kabla sijaelewa.

Niliyobadilisha si makubwa. Katika ajenda yenye uamuzi ninazunguka meza, na ninaanza na wa cheo cha chini ili asisubiri kusikia mkubwa anaelekea wapi. Akikatizwa mtu, mimi ndiye ninayesema "tumalize kwanza hoja hii", simwachii aliyekatizwa ajipiganie, kwa sababu akijipigania ataitwa mkali na asipojipigania ataitwa dhaifu. Hoja iliyokwisha kutolewa ikiletwa upya na mwingine, nasema: "Hiyo ni hoja ya fulani ya dakika chache zilizopita, je, unaiunga mkono au unaiongezea?" Mara ya kwanza nilipoyasema maneno hayo chumba kilinyamaza. Sasa ni kawaida, na wenyewe wanakumbushana.

Dada Msimamizi, ikiwa mwenyekiti wako si mtu wa kuzunguka meza, ipo njia isiyomhitaji. Wanawake waliofanya kazi katika Ikulu ya Marekani wakati wa Barack Obama, kama ilivyoripotiwa mwaka 2016, walikubaliana kwamba mmoja wao akitoa hoja ya maana, mwingine ataidaka na kuirudia huku akimtaja mwenyewe, ili isipotee na isipate mmiliki mpya. Hoja yako ya ankara ingepata mtu mmoja tu wa kusema "narudi kwenye pendekezo la Ununuzi", kisa hiki kisingefika hapa. Na mtu huyo si lazima awe mwanamke. Mwenzako wa hesabu anafaa sana.

---

Afisa Utumishi amejibu:

Nashukuru kwa michango yote, ila kuna neno moja la Hoja Wazi ambalo sikubaliani nalo, nalo ni kuliweka "naomba" katika kapu moja na "samahani" na "sijui kama". Mahakimu wale waliacha maneno ya Kiingereza. Katika Kiswahili "naomba" ni lango la heshima ambalo hata mkuu wa taasisi hulipitia: "Naomba utulivu", "Naomba taarifa hiyo kesho asubuhi." Hakuna anayedhani kwamba mkuu huyo anabembeleza. Msimamizi mwanamke akiling'oa ghafla, hasa mbele ya mtu mzima kuliko yeye, atasikika mkali kwa haki. Kinachodhoofisha ni kurundika. Hebu linganisheni: "Samahani mzee, nilikuwa naomba kama ingewezekana ile taarifa tuipate mapema kidogo" na "Mzee wangu, shikamoo. Naomba taarifa ya ghala iwe mezani kwangu Alhamisi saa sita mchana, kwa sababu Ijumaa inapelekwa hesabu." La pili lina shikamoo, lina naomba, na halina mwanya. Katika la kwanza "mapema kidogo" si tarehe, kwa hiyo asiyeileta hajavunja agizo lolote.

Ndiyo maana nashuku kwamba zile mara mbili za upole hazikuwa na siku wala saa, na ya tatu ikaja na kila kitu pamoja na uchovu wa zile mbili. Mzee huyo hakuona ngazi, aliona ukuta. Mweke chini, mkubaliane tarehe ya kila mwezi, na siku hiyo hiyo mtumie barua pepe ya mistari mitatu yenye mlichokubaliana. Muulize pia kinachomchelewesha. Nimeshaona taarifa zikichelewa kwa sababu mtu alibadilishiwa programu ya kompyuta na anaona aibu kumwambia aliyekuwa mwanafunzi wake kwamba haiwezi.

Sasa tathmini. Sentensi uliyoandikiwa haina thamani kama haina tukio. Una haki ya kumwendea aliyeiandika na kumuuliza mambo matatu: ni lini, nilisema nini, na kazi gani iliharibika. Uliza kwa utulivu, kama anayetaka kujirekebisha, na uwe na karatasi ya kuandikia majibu. Akiwa na tukio, umepata kitu cha kufanyia kazi. Akikosa, mwombe aiandike upya au aiondoe, na ikibaki, andika maoni yako katika sehemu ya mfanyakazi kabla hujatia saini. Nimepitia fomu nyingi mno, na maneno kama "mkali", "ana jazba" au "alainishe" nayaona zaidi katika fomu za wanawake, wakati wanaume huandikiwa habari za malengo na takwimu. Sina hesabu ya kuwapa, ni macho yangu tu.

Kuhusu ukatibu, mwaka 2017 Linda Babcock na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la uchumi la Marekani kuhusu kazi ambazo lazima zifanyike ofisini lakini hazimpandishi mtu cheo. Walikuta kwamba katika makundi yenye wanawake na wanaume, wanawake ndio hujitolea zaidi kuzifanya na ndio huombwa zaidi. Lakini kundi likiwa la wanaume watupu, wanaume hujitolea vizuri tu. Maana yake si kwamba wanawake wameumbwa kupenda kazi hizo. Ni kwamba kila mmoja mezani anasubiri, na anajua nani atachoka kusubiri kwanza. Kura au zamu huondoa kusubiri huko.

Mafunzo nenda, ofisi ikilipa. Ila ulizia kama kuna kipindi cha mazoezi ambapo utasimama utoe hoja kwa dakika mbili na ukosolewe. Kama ni siku mbili za kuambiwa ujiamini, bora siku hizo uziandikie ukurasa wako mmoja wa Mama Katibu.

---

Hoja Wazi amejibu:

Kwenye "naomba" nimeshindwa, Afisa. Nalirudisha mezani. "Sijui kama" sirudishi.

---

Msimamizi Mpya amerudi:

Wakubwa zangu na wenzangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na habari. Kikao kilikuwa juzi.

Mwenzangu wa hesabu nilimwona siku moja kabla kama nilivyoelekezwa. Alikunja uso, akafikiri, kisha akaniuliza kwa mshangao wa kweli: "Wewe ndiye ulisema kwanza?" Hakumbuki kabisa. Alisema neno lilimjia kichwani akadhani ni lake, na namwamini, ingawa kumwamini hakukunifurahisha kama nilivyotarajia. Kikaoni nilisoma yale maneno ya Mama Katibu karibu yalivyo. Mwenyekiti alivuta pumzi kama mtu aliyeongezewa mzigo, lakini mwenzangu alisema "ni kweli" kabla hajaulizwa, na masahihisho yakaingia. Mtekelezaji bado ni hesabu. Hilo nimeliacha, kwa sababu dawati kweli liko kwao.

Zamu ya ukatibu niliipendekeza siku hiyo hiyo, nikikiuka ushauri wa kusubiri vikao viwili. Mama Katibu anisamehe, niliona mlango uko wazi. Ilikubaliwa, na hesabu ndio walioangukiwa na zamu ya kwanza.

Kwa mzee wangu Afisa Utumishi alilenga. Programu ya ghala ilibadilishwa mwanzoni mwa mwaka, naye amekuwa akiandika kila kitu kwa mkono kwenye daftari, kisha anamsubiri kijana mmoja amwingizie akipata nafasi. Tulikaa saa moja na nusu mbele ya kompyuta, mlango ukiwa umefungwa tena. Taarifa ya mwezi huu imekuja Ijumaa badala ya Alhamisi, na nilimwandikia kwamba imechelewa siku moja. Alijibu kwa neno moja, "Nimepokea", ambalo bado sijajua nilisome vipi.

Tathmini haijaisha. Nilimuuliza bosi wangu ni lini, nilisema nini na nini kiliharibika. Akasema ni "hisia ya jumla", kwamba atalitafakari, na fomu iko kwake mpaka sasa. Mimi sijatia saini.

Jana jioni rasimu ya kumbukumbu imeingia kwenye simu yangu kutoka kwa katibu wetu mpya wa hesabu. Ina kurasa tatu, na tangu mwanzo hadi mwisho ni ilipendekezwa, ilishauriwa, iliazimiwa, hata pale alipotoa hoja yake mwenyewe kuhusu tarehe ya kufunga mahesabu. Nimemrudishia leo asubuhi na alama saba. Mbili ni zangu, na moja ni yake.